Swali Aliloulizwa Binti wa Orpha

Mdogo wangu Galen alipomwoa Orpha Heatwole, mama yetu alisema mtoto wake ameleta mke asiye na sauti, na kwamba siku moja tutamsahau mezani tukadhani kiti kiko wazi. Mama hakuwa na nia mbaya. Kwetu sisi watu wa Galen kila mtu anasema, na wengi tunasema kwa pamoja. Orpha alikuwa anakaa pembeni na mikono yake mikubwa magotini, kofia yake nyeupe ya sala imenyooka hata kama ametoka kwenye mabanda ya bata mzinga, anasikiliza. Ukimwuliza kitu anakujibu, kisha ananyamaza tena. Mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza, labda kwa sababu aliniachia nafasi ya kusema yangu na yake.

Jina langu ni Verda. Ni mjane mwenye gari, na katika bonde letu hapa Virginia mjane mwenye gari hapumziki. Leo unampeleka huyu kwa daktari wa meno, kesho unampelekea yule vifaranga. Ndiyo maana mambo ya nyumba ya Galen nayajua. Mengi yalitendeka mimi nikiwa nimeshika usukani.

Sisi ni Wamenonite. Si wale wa magari ya farasi, lakini si mbali nao. Kanisa letu lilikuwa na shule yake pale Linden Fork, chumba kimoja na jiko la kuni, na watoto wote wa Galen walianzia hapo. Halafu mwalimu akaolewa, familia tatu zikahamia Kentucky kufuata ardhi, na wanafunzi wakabaki watoto watatu wa Galen na wawili wa familia ya Wenger ambao bado walikuwa wanalilia mama zao mchana. Wazee wa kanisa wakaifunga shule. Mwaka huo Leota, binti mkubwa wa Galen na Orpha, alikuwa anatimiza miaka kumi na minne. Nyuma yake walikuwepo Titus na Eunice.

Orpha akaanza kuwasomesha jikoni. Hakutangaza, alianza tu siku ya Jumatatu. Alikuwa anatia maharage kwenye chupa za kuhifadhia huku watoto wakisoma kwa sauti, na kile kizibo cha sufuria ya mvuke kikianza kucheza, wanapandisha sauti ili wasikike. Niliingia pale siku moja nikamkuta Titus anaeleza habari za mzunguko wa damu kwa kutumia kuku aliyekuwa anapasuliwa. Nikasema moyoni, wanangu wanne walipanda basi la njano la shule ya kaunti mpaka wakamaliza, na hakuna aliyeota mapembe, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunieleza moyo wa kuku.

Kwa Galen lile basi la njano halikuwa jambo la kujadiliwa. Hakuichukia shule ya kaunti wala walimu wake. Mmoja wao hununua mayai kwake. Alichoamini ni kwamba watoto amekabidhiwa yeye.

"Mungu hatamwuliza mkuu wa shule," aliniambia. "Ataniuliza mimi."

Sasa sheria ya Virginia ina milango miwili kwa mzazi anayetaka kumsomesha mtoto nyumbani. Mlango wa kwanza ni wa kila mtu: unaonyesha cheti chako cha kumaliza sekondari, na kila mwaka unaonyesha kwamba mtoto anasonga mbele. Orpha aliacha shule darasa la nane, kama sisi wote. Kulikuwa na njia nyingine za kuupita mlango huo, masomo ya kununua na kadhalika, ila yalikuja na kompyuta na video, na Galen hakutaka kuyasikia. Mlango wa pili ni msamaha wa dini. Unaieleza bodi ya shule kwamba dhamiri yako mbele za Mungu inakukataza kupeleka mtoto shuleni, na bodi ikiona unasema kweli inakuachia watoto wako, bila mtihani, bila kukukagua tena. Kwa mtu kama mdogo wangu, mlango huo ulikuwa kama umetengenezwa kwa kipimo chake.

Kasoro ilikuwa moja. Sheria yenyewe haisemi mzazi peke yake. Inasema mtoto pamoja na wazazi wake. Na bodi ya kaunti yetu ilikuwa na desturi ya kumsikiliza mwenyewe kila mtoto aliyefika miaka kumi na minne.

Wakili mmoja aliyetusaidia kwa simu alimwambia Galen akae na binti yake amwandae. Si kumfundisha uongo, alisema, ni kumwandaa tu. Galen alimshukuru, akakata simu, akarudi kwa bata mzinga wake. Nilimfuata hukohuko bandani.

"Galen, mfundishe mtoto la kusema."

"Dada, ushuhuda wa kufundishwa si ushuhuda."

"Basi mwambie hata kitakachoulizwa."

"Kitaulizwa ukweli. Ukweli anaujua."

Nikamwacha. Mdogo wangu huyu ukimsukuma ndiyo kwanza anazidi kuota mizizi. Nilimtazama Orpha nikitumaini ataingilia kati, naye alikuwa anamwaga chakula kwenye vihori, hata hakuinua uso. Nilikasirika nao wote wawili.

Kikao kilikuwa Oktoba, katika jengo la kaunti, jioni baada ya kazi. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mmoja wa makamo, Bi Rosalind Tate, anauza bima mjini, mtu mwenye adabu. Nasema hivi kwa sababu baadaye kanisani wengine walimfanya Farao. Alimsikiliza Galen kwa subira yote, naye Galen alisema vizuri, bila kupayuka. Alieleza ubatizo wetu, utengano wetu na dunia, na kwa nini mtoto analelewa kwanza nyumbani. Nilimwonea fahari. Kisha Bi Tate akamgeukia Leota, akamwuliza kwa upole kama anaelewa baba yake anachoomba. Leota akasema anaelewa.

"Na wewe mwenyewe, mwanangu? Hiyo ndiyo imani yako?"

Leota alifikiri. Ni mtoto wa Orpha, hakimbizi jibu. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikawa nahesabu vifungo vya gauni lake ili nisiseme badala yake.

"Siwezi kusema hivyo, mama. Sijabatizwa bado."

"Unamaanisha huamini?"

"Sijasema siamini. Kwetu mtu anasema naamini akishakuwa mkubwa na ameamua mwenyewe. Nikisema leo, nitakuwa nasema ya baba."

Bwana mmoja wa bodi akavua miwani yake akaifuta. Mwanasheria wa kaunti akainama akamnong'oneza Bi Tate. Galen alikuwa amekaa wima, uso umemshuka.

Lazima uelewe kilichotokea pale, maana hata baadhi ya watu wetu hawakukielewa. Kwetu hatubatizi watoto wachanga. Babu zetu kule Uswisi walitoswa mitoni wakiwa wamefungwa mikono kwa sababu walikataa kubatiza mtu asiyeweza kuamua, na habari hizo mtoto wetu anazipata pamoja na uji wake wa asubuhi. Imani ya kurithi si imani. Galen mwenyewe amelisema hilo mezani kwake zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka. Leota alifanya vile hasa alivyofundishwa. Mtoto wa kanisa lingine angesema ndiyo naamini, akapewa msamaha wake, akaenda nyumbani kula. Wetu alisema ukweli akaufunga mlango.

Bodi iliwapa msamaha Titus na Eunice papo hapo. Kuhusu Leota, Bi Tate alisema kwa masikitiko kwamba sheria inawataka wote wawili, mtoto na mzazi, na hapa anaona mmoja tu. Akampa muda mpaka shule zifunguliwe baada ya Krismasi. Wazazi wakileta kitu kipya, watasikilizwa. La sivyo, Leota aanze masomo sekondari ya kaunti.



Jumapili iliyofuata Ndugu Enos Wenger, mhubiri wetu, alikuja kula kwa Galen, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilileta pai mbili na sikukusudia kuondoka kabla sijasikia. Ndugu Enos alikula vizuri, akajifuta ndevu, kisha akalitoa. Kwa nini binti asibatizwe? Miaka kumi na minne si midogo mno. Wapo waliobatizwa na kumi na mbili. Angepata mafundisho majuma machache, Desemba angemwagiwa maji ya ubatizo kichwani, na Januari angesimama mbele ya bodi aseme naamini, na asingekuwa amesema uongo.

"Samaki mkunje angali mbichi," alimaliza, kwa sauti ya mtu ambaye kazi yake imekwisha.

Galen alikuwa anatazama sahani. Nilimwona anavyolitaka jambo lile. Lilikuwa halali, lilikuwa karibu, na mtu aliyelileta ni mchungaji wake. Leota alikuwa kwenye ngazi za nyuma akimsukia Eunice nywele, na dirisha lilikuwa wazi.

Orpha alikuwa kwenye beseni la vyombo, ametupa mgongo. Alizima maji.

"Ndugu Enos," alisema, "maji hayo atakuwa amemwagiwa na nani? Na wewe, au na yule mama wa bodi?"

Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote, na sijawahi kusikia mwanamke akimwuliza Ndugu Enos swali mezani. Yeye mwenyewe nadhani hakuwahi.

"Anamaanisha..." Galen alianza.

"Najua ninachomaanisha, baba Leota. Akibatizwa ili apate karatasi ya kaunti, basi kaunti ndiyo imembatiza. Wewe umemfundisha asubiri. Mwache asubiri."

"Halafu Januari?"

"Januari nitakuwa nimepata cheti. Upo ule mlango mwingine."

Galen akasema, taratibu, kwamba darasa la nane linatosha kwa mwanamke wa nyumbani, na kwamba watu watasema ni majivuno. Orpha akajibu kwamba watasema, ndiyo, na kwamba yeye hajawahi kumwomba mumewe kitu tangu waoane isipokuwa ile mashine ya kufulia. Kisha akafungua maji tena akaendelea na vyombo. Ndugu Enos akaomba kahawa.

Basi ndivyo ilivyokuwa kwamba mwanamke aliyetaka binti yake asikanyage sekondari ya kaunti akaanza kuikanyaga yeye. Madarasa ya watu wazima yalikuwa pale pale, Jumanne na Alhamisi jioni, na dereva, bila shaka, alikuwa mimi. Nilikuwa nakaa kwenye korido nafuma soksi. Ndani alikuwa yeye na kofia yake nyeupe, vijana wawili waliofukuzwa shule, mama mmoja wa watoto watano, na bwana mmoja kutoka Honduras aitwaye Wilmer, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kuku. Wilmer alimwonyesha namna ya kutumia kikokotoo. Orpha akampelekea chupa ya jemu ya tufaha. Mwezi wa pili wa masomo walikuwa wanagombana kuhusu sehemu na desimali kama ndugu wa tumbo moja, na mimi nje nikisikia sauti ya wifi yangu ikipanda, nikaacha kufuma ili nisikie vizuri.

Kanisani walisema, kama alivyotabiri. Mama mmoja aliniuliza kama Orpha sasa ataanza kuvaa suruali. Nikamwambia sijui, nitamwuliza akimaliza aljebra.

Nyumbani aljebra ilikaa mezani kila siku. Orpha alikuwa anakata tambi za mayai huku kitabu kimesimamishwa kwenye kopo la unga, na Leota amekaa mbele yake, wote hawajui. Hilo ndilo lililonigusa. Hakuna aliyekuwa mwalimu. Walilishika lile jambo pamoja, wanakosea pamoja, na kwa kawaida mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata, halafu anamweleza mama yake taratibu, bila kumcheka. Galen anapita nyuma yao na ndoo zake. Hakusaidia, na hakuzuia pia. Jioni moja nilimwona amesimama nyuma ya kiti cha Orpha akikodolea macho ile karatasi kwa muda mrefu, kisha akaenda kulala.

Desemba Orpha alifanya mtihani. Kusoma alifaulu, kuandika alifaulu, sayansi na mambo ya serikali alifaulu. Hesabu ilimwangusha, kwa alama chache tu.

Hakulia mbele yangu. Alikaa kwenye gari, akafunga mkanda, akasema, "Wifi, hebu twende nyumbani," na njia nzima alikuwa anapitisha kidole kwenye mshono wa mkoba wake. Mimi ndiye niliyelia, na nikalazimika kusimama kando ya barabara maana sikuwa naona. Mtihani mwingine ulikuwa Februari. Muda wa bodi ulikuwa unakwisha Januari. Nilimwambia bado yupo Ndugu Enos na maji yake. Nilisema kwa uchovu tu, na aliponitazama nilitamani nimeze maneno yangu.

Kwa hiyo Leota alipanda basi la njano. Asubuhi ya kwanza Orpha alimfungia mkate na nyama, akasimama naye barabarani kwenye theluji. Galen alikuwa bandani, ambako ghafla palikuwa na kazi nyingi sana. Basi lilipoondoka nilimkuta ameegemea mlango, bata mzinga wanamzunguka miguuni.

"Nimemtoa mwanangu kwa dunia," alisema.

"Umempeleka shule, Galen. Mimi nilipeleka wanne."

"Wewe hukuamini ni vibaya. Mimi naamini."

Hakuwa anaigiza. Alikuwa mtu aliyelazimika kuchagua kati ya mambo mawili aliyoyafundisha mwenyewe, na lile alilolichagua lilimuumiza kila asubuhi ya Mungu, saa moja kasoro, basi linapopiga breki getini. Nilimwonea huruma sana mdogo wangu.

Leota alirudi akasema watu wa shule ni wa kawaida na chakula ni kibaya. Wengine walimwuliza kuhusu kofia yake, akawaambia. Msichana mmoja alitaka kuijaribu. Mwalimu wa biolojia alimpa hadubini aangalie maji ya bwawa, na jioni hiyo mezani tulisikia habari za maji ya bwawa mpaka supu ikapoa.

Februari Orpha alirudi kwenye mtihani wa hesabu. Safari hii alifaulu. Bodi ilipokea cheti chake na taarifa yake ya kusomesha nyumbani, na hakuna aliyemwuliza anaamini nini. Bi Tate, niliambiwa, alimpa mkono.

Nilidhani jioni hiyo atamwambia Leota afungashe madaftari. Badala yake alimketisha na kumwuliza anataka nini, abaki kule au arudi nyumbani. Galen alishtuka, nami nilishtuka. Leota alifikiri kwa kirefu kama kawaida yake. Akasema atarudi, ila anataka kitabu cha biolojia kama kile. Walikinunua. Miaka miwili na zaidi walisoma jikoni, na kila majira ya kuchipua Leota alifanya mtihani wa kaunti, akaupita, na mambo yakatulia.

Ningeweza kuishia hapa, na wengi kanisani huishia hapa wanapoisimulia, maana sasa inasimuliwa kwa fahari, na waliomsema Orpha wanadai walikuwa upande wake. Lakini haikuishia hapa.

Kwetu, majira ya kuchipua, mhubiri huwaita vijana wanaotaka kuanza mafundisho ya ubatizo. Anauliza, nao wanasimama. Leota alikuwa na miaka kumi na saba. Benchi lile la wasichana lilikuwa na wanne wa rika lake, na kila mtu alijua ni mwaka wao. Upande wa wanaume nilimwona Galen ameinama mbele kidogo, mikono imeshikana. Ndugu Enos akauliza. Msichana wa kwanza akasimama, wa pili akasimama, wa tatu akasimama.

Leota alibaki amekaa.

Hakuinamisha kichwa, wala hakuonyesha ukaidi. Alikaa tu. Ndugu Enos alisubiri zaidi ya kawaida, na kila mtu alijua anamsubiri nani. Orpha alikuwa kando yangu. Sikuthubutu kumtazama usoni, nikatazama mikono yake. Ilikuwa imefumbatwa kwenye mapaja. Wimbo ulipoanza aliimba, na hakukosea noti.

Niliwarudisha nyumbani nikaingia nao, kwa sababu nilihofia kitakachosemwa, na nikiri pia, kwa sababu nisingeweza kulala bila kukisikia. Galen alikwenda moja kwa moja bandani na nguo zake za kanisa. Titus na Eunice wakapotea wenyewe. Orpha alivaa aproni, akamwaga viazi mezani, akaanza kumenya. Leota akakaa mkabala naye.

"Mama, umekasirika?"

"Nimeumia," alisema Orpha. "Hasira ni kitu kingine."

"Sikuweza kusimama. Nilijaribu. Nilitaka kusimama kwa ajili yako, kwa sababu ya yote uliyoyafanya, yale madarasa, ule mtihani. Halafu nikaona hiyo siyo sababu."

Orpha aliendelea kumenya. Ganda lilikuwa linashuka refu, halikatiki.

"Mimi nilisimama nikiwa na miaka kumi na sita," alisema. "Tulikuwa sita kwenye benchi. Mabel Rhodes alisimama, Ida akasimama, nikaona nitabaki peke yangu, nikasimama. Nikabatizwa Juni. Mama yangu alilia kwa furaha." Aliweka kiazi kwenye maji. "Kuamini nilianza kuamini mwaka aliozaliwa Eunice. Tulikaribia kumpoteza, unakumbuka. Niliomba usiku ule, na ilikuwa mara ya kwanza kuhisi kuna mtu naongea naye. Kabla ya hapo nilikuwa nimesimama tu. Miaka kumi na mitano, mwanangu, nimesimama tu, na hakuna aliyejua, na sikuwa na mtu wa kumwambia."

Sikujua. Niliketi naye garini miaka yote hiyo, nikisema yangu na yake, na sikujua.

"Sasa wewe," Orpha alisema, akachukua kiazi kingine. "Wewe ukisimama siku moja, nitajua umesimama. Na usiposimama, nitakuwa najua hilo pia. Chukua kisu."

Leota hakuchukua kisu. Alikuwa analia, mkono juu ya macho. Nikageuka ili nimpishe, na ndipo nikamwona Galen mlangoni, suti yake ya kanisa imejaa manyoya. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, ila kwa uso wake alikuwa ameyasikia ya Mabel Rhodes, na alikuwa anamtazama mkewe kama mtu aliyegundua chumba kingine ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Alinawa mikono, akavuta kiti karibu na binti yake, akachukua kile kisu, akaanza kumenya viazi. Alimenya vibaya, nusu ya kiazi ilikuwa inaondoka na ganda. Mimi ni dada yake mkubwa, na tangu azaliwe sijawahi kumwona akimenya kiazi. Orpha alimsogezea sufuria.